Ubao wa Waluba na simu za Malemba-Nkulu: Nani anajibia tunachokijua?

Ni kipande cha mbao kisichozidi sana kiganja cha mtu mzima, kipana juu na chini, chembamba katikati. Mgongo wake umechorwa mistari inayofanana na gamba la kobe. Upande wa mbele umepachikwa shanga za rangi, simbi na vipini vya chuma: hapa ushanga mkubwa umezungukwa na vidogo, pale mstari wa shanga unakwenda na kukata kona, kule simbi moja imekaa peke yake. Msomaji huushika kwa mkono wa kushoto. Kidole cha shahada cha mkono wa kulia hugusa ushanga mmoja baada ya mwingine, huku mdomo ukisimulia au ukiimba. Ushanga mkubwa wenye vidogo pembeni ni mfalme na watu wake. Mstari ni njia, yaani safari ya wazee kutoka mahali fulani kwenda kwingine.

Ubao huu huitwa lukasa, na wenye mamlaka ya kuusoma walikuwa watu wa ngazi za juu katika Mbudye, chama cha wake kwa waume kilichokabidhiwa historia ya ufalme wa Waluba. Kitovu cha ufalme huo kilikuwa katika nchi ambayo leo ni mkoa wa Haut-Lomami, kusini-mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo. Mkoa huo ulizaliwa mwaka 2015, Katanga ilipogawanywa kuwa mikoa minne. Makao yake makuu ni Kamina, na Malemba-Nkulu, kando ya mto Lualaba, ni mojawapo ya wilaya zake tano.

Leo mtu wa Malemba-Nkulu mwenye simu na mega kidogo anaweza kufungua picha ya lukasa iliyohifadhiwa Brooklyn Museum, New York, na kuikuza mpaka ahesabu shanga. Anaiona kwa karibu kuliko babu yake, ambaye, kama hakuingizwa katika Mbudye, huenda hakuwahi kuushika ubao huo maisha yake yote. Lakini kusoma hawezi, na pale kwenye picha hakuna wa kumuuliza. Jambo hilo dogo limebeba swali kubwa la zama zetu: maarifa hujengwa na nani, na hupatwa na nini yanapotembea upesi yakawaacha watu wake nyuma?

SHANGA ZILE ZILE, MASIMULIZI MBALIMBALI

Mwaka 1977 mwanahistoria Mmarekani Thomas Reefe aliandika katika jarida la African Arts kwamba lukasa zilikuwa za aina kadhaa. Ipo iliyobeba habari za mashujaa waanzilishi na watawala wa kwanza. Ipo iliyoeleza mpangilio wa Mbudye wenyewe. Na ipo iliyohifadhi siri za ufalme, ambayo si kila msomaji aliijua.

Habari za waanzilishi ndizo zilizoenea zaidi. Nkongolo alikuwa mtawala mkatili. Akaja mwindaji mgeni kutoka mashariki, Mbidi Kiluwe, mwenye adabu za kifalme ambazo Nkongolo hakuzijua. Mbidi akazaa na dada wa Nkongolo mtoto aitwaye Kalala Ilunga, ambaye alipokua alimshinda mjomba wake na kuwa chimbuko la wafalme wa Waluba.

Mtafiti Mary Nooter Roberts, aliyeishi na Waluba mwishoni mwa miaka ya 1980 na kujifunza kwa watu wa Mbudye, alionyesha jambo linaloweza kumshangaza aliyezoea vitabu vya shule. Pamoja na Allen Roberts alilieleza katika kitabu na maonyesho ya mwaka 1996 huko New York yaliyohusu kumbukumbu na sanaa za Waluba. Jambo lenyewe ni kwamba lukasa haina usomaji mmoja. Shanga zinabaki zile zile, lakini masimulizi hutegemea msomaji ni nani, amekaa mbele ya nani, na shauri lililowakusanya ni lipi. Usomaji wa siku ya kumtawaza chifu haufanani na wa siku ya kugombea mpaka wa ardhi.

Mgeni anaweza kuona kwamba huo ni udhaifu, kwamba historia inayobadilika si historia. Lakini tazama masharti yake. Msomaji hakusoma peke yake chumbani. Alisoma hadharani, jina lake linajulikana, ngazi yake inajulikana, na waliomsikiliza ni watu wenye kumbukumbu zao. Aliyepotosha ukoo wa mtu alikuwa amekaa hatua chache kutoka kwa mwenye ukoo. Hata mfalme hakuwa juu ya mpango huo: Mbudye ndio waliotunza kanuni za utawala, na usomaji wao uliweza kumjenga mtawala au kumbomoa. Ubao ulikuwa wa kukumbusha tu. Aliyethibitisha ni mtu, na mtu huyo alijibia neno lake.

UDONGO NAO UKATOA USHAHIDI

Kuna maarifa mengine ya bonde hili ambayo hakuna mzee aliyeyasimulia. Mwaka 1957 na 1958 wanaakiolojia Jacques Nenquin na Jean Hiernaux walichimba Sanga, kando ya ziwa Kisale, na kukuta makaburi mengi sana ya kale. Katika miaka ya 1970 Mbelgiji Pierre de Maret aliendelea Sanga na Katongo, kisha Kamilamba, Kikulu na Malemba-Nkulu yenyewe. Kutokana na makaburi hayo ukapatikana mfululizo wa maisha ya watu wanaofua chuma, wanaovua samaki na kulima, kuanzia karne ya 6 au ya 7. Kati ya karne ya 8 na ya 14 hivi, waliokufa walizikwa na vyungu vya ustadi mkubwa na mapambo ya shaba. Baadaye yanaonekana makaburini vipande vya shaba vyenye umbo la msalaba, vikubwa kwanza, kisha vidogo na vya kulingana, dalili kwamba vilikuwa vimegeuka fedha.

Je, udongo uliwaumbua wazee kwa kuwa masimulizi ya Nkongolo na Kalala Ilunga hayana tarehe? La. Katika makaburi hayo ya kale yalipatikana mashoka ya heshima na fuawe ya mhunzi, vitu vile vile ambavyo Waluba wa karne zilizofuata walivihesabu kuwa alama za utawala. Masimulizi yalimtukuza mfalme mhunzi. Udongo ukaonyesha kwamba heshima hiyo ina umri wa miaka 1,000. Na bila masimulizi, mchimbaji angeiona fuawe kaburini akadhani ni chombo cha kazi tu. Kila upande ulijua kitu ambacho mwenzake hakukijua, na maarifa yakakua pale pande zote mbili ziliposomwa pamoja.

WALIOANDIKA NA WALIOSAHAULIWA

Kabla ya intaneti kuja kuchukua maneno na kuyaacha majina, vitabu na majumba ya makumbusho vilikuwa vimekwisha kuifanya kazi hiyo. Mwaka 1915 mmisionari Mwingereza William Burton alifika Mwanza, katika nchi ya Waluba, kuhubiri Injili. Alizipiga vita ibada za jadi, na papo hapo akawa mmoja wa waliozirekodi kwa bidii kuliko wote. Alipiga picha, akakusanya methali, akapeleka vitu vya sanaa Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Johannesburg. Mtu wa Malemba-Nkulu anayetaka kujua mababu zake waliombaje hana budi kupitia maandishi ya mtu aliyewataka waache kuomba hivyo.

Padri Mbelgiji Placide Tempels alijifunza kwa Waluba wa Katanga, na mwaka 1945 kitabu chake cha falsafa ya Kibantu kikatoka Elisabethville, Lubumbashi ya leo. Kilisomwa Ulaya na Afrika, kikasifiwa, kisha kikakosolewa vikali na wanafalsafa kama Paulin Hountondji wa Benin, aliyehoji vipi taifa zima liambiwe lina falsafa moja isiyo na mwanafalsafa hata mmoja mwenye jina. Hoja hiyo inawahusu moja kwa moja waliomfundisha Tempels. Walifikiri, wakaeleza, wakabishana naye. Kitabuni wakawa "Wabantu".

Ndiyo maana kamusi kubwa ya Kiluba na Kifaransa iliyochapishwa mwaka 1954 inastahili kutajwa. Pamoja na jina la padri E. Van Avermaet, iliandika jina la Benoît Mbuya, Mluba aliyeshirikiana naye. Jina moja juu ya jalada ni kitu kidogo, lakini linambakizia msomaji mtu wa kumwelekea anapotaka kujua neno lilitoka wapi.

VIDEO ILIYOKIMBIA KULIKO UKWELI

Novemba 2023 jina la Malemba-Nkulu lilivuma nchi nzima, na sababu ilikuwa ya kuhuzunisha. Kijana mwendesha pikipiki ya abiria aliuawa. Mauaji yake yakabebeshwa watu wenye asili ya Kasai, eneo jirani na Katanga, wanaoishi pale. Kundi la watu likawashambulia, wengine wakapoteza maisha. Waliotenda au waliotazama wakashika simu, na video za udhalilishaji zikasambaa mitandaoni zikiwa na maneno ya kila aina: Wakatanga dhidi ya Wakasai, wenyeji dhidi ya wageni. Ulikuwa umebaki mwezi mmoja tu kabla ya uchaguzi mkuu wa Desemba 20.

Simu haikuizua chuki hiyo. Mwaka 1992 na 1993, gavana wa Katanga akiwa Gabriel Kyungu wa Kumwanza, watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa kwa maelfu kutoka Likasi, Kolwezi na miji mingine. Walirundikana katika stesheni za reli wakingoja treni za kuwapeleka kwao, na wengi walikufa wakingoja au wakiwa njiani. Wakati ule uchochezi ulipita mikutanoni na midomoni. Wakasai waliitwa bilulu, wadudu, na neno hilo lilienea bila WhatsApp.

Kilichobadilika ni mwendo na umbali kati ya msemaji na anayesemwa. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, kwa kuwa kijijini mwongo hukutana na ushahidi kabla hajafika mbali. Simu imeirefusha njia hiyo. Video ya Malemba-Nkulu ikitazamwa Mbuji-Mayi, Kinshasa au Brussels, anayeitazama hawezi kumuuliza jirani wa marehemu, wala mkuu wa kituo cha polisi, wala mama muuza samaki aliyekuwapo. Anachoweza kufanya ni kuituma tena, na ukimuuliza imetoka wapi, jibu ni lile tulilolizoea: imetumwa kwenye grupu. Sisi wenyewe tuna methali inayompa kinga: lisemwalo lipo. Kwa mji ambao watu wameuawa kwa sababu ya lililosemwa, methali hiyo haifai kutumika bila kufikiri.

Na yapo maarifa ambayo, kama yangetembea kwa kasi ya video zile, yangeweza kupoza hasira. Masimulizi ya Waluba wa Kasai yanataja Nsanga-a-Lubangu, upande wa Katanga, kuwa mahali walipotawanyikia wazee wao kabla ya kuelekea magharibi. Yaani kwa kauli ya wazee wenyewe, anayeitwa mgeni Malemba-Nkulu ni ndugu aliyetoka upande huu huu. Habari hiyo ipo vitabuni na vinywani mwa wazee. Haimo kwenye video.

ZIWA, SAMAKI NA UGONJWA

Ukitaka kuona maarifa yakijengwa vizuri katika bonde hili, angalia kipindupindu. Lualaba hapa hutanuka na kuwa maziwa na vinamasi, kuanzia Upemba na Kisale. Wavuvi huhama na msimu, hukaa kwenye makambi ya muda, na Kisale wengine hujenga vibanda juu ya visiwa vya mafunjo vinavyoelea. Maji ya kunywa na maji ya choo huwa ni yale yale. Samaki wakavu na wabichi hupanda Bukama, na kutoka hapo reli huwapeleka miji ya migodi upande mmoja, na Kamina na Kasai upande mwingine.

Daktari Mkongo Didier Bompangue na wenzake walikusanya takwimu za wagonjwa wa kipindupindu wa Katanga na Kasai Mashariki kuanzia mwaka 2000 hadi 2005. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2008 yalionyesha kwamba maziwa ndiyo chanzo cha milipuko, na kwamba mkakati uliokuwa ukitumika kupambana nao haukutosha. Kukimbilia kila mji ugonjwa ulipozuka ilikuwa kufukuza moshi na kuacha moto.

Takwimu hizo hazikushuka kutoka mbinguni. Kila tarakimu ilianzia kwa muuguzi wa kituo fulani aliyeandika kwenye daftari: mgonjwa fulani, wa kijiji fulani, tarehe fulani. Daftari likajumlishwa wilayani, likalinganishwa na mengine, likapingwa, likasahihishwa. Ni kazi ya polepole, na kila mkono ulioigusa unaweza kuulizwa. Linganisha na sauti iliyorekodiwa inayopita simu hadi simu, ikidai kwamba dawa ya klorini inawekwa majini ili kuua watu. Haina jina, haina kijiji, haina tarehe, na pengine ilianzia nchi nyingine kabisa. Lakini inamfikia mvuvi kabla ya muuguzi.

KISWAHILI CHA KATANGA KILIPOINGIA MTANDAONI

Pamoja na hayo, kuulaani mtandao ni kukosea shabaha. Mwaka 1965 chama cha waliokuwa watumishi wa nyumbani huko Elisabethville kilitoa kijitabu cha Kiswahili, kazi ya André Yav, kinachoeleza historia ya mji huo kama walivyoiona waliokuwa wakipika na kufua kwa Wazungu. Kingeweza kupotea. Mwanaanthropolojia Johannes Fabian alikichapisha mwaka 1990 pamoja na maelezo. Ni Fabian huyo huyo aliyerekodi mazungumzo na mchoraji Tshibumba Kanda Matulu, aliyeieleza kwa Kiswahili cha Lubumbashi historia ya Congo katika picha 101.

Baadaye Fabian na wenzake wa Chuo Kikuu cha Amsterdam wakaanza kuweka mtandaoni maandiko ya Kiswahili cha Katanga: mazungumzo kamili, maneno yalivyotamkwa, tafsiri na maelezo kando. Mojawapo ni mazungumzo ya mwaka 1974 na mganga wa Lubumbashi, Kahenga, ambayo mwaka 2008 Fabian aliyatungia kitabu kizima. Hoja yake ilikuwa wazi: zamani mtafiti alirudi kwao na daftari, akaandika kitabu, na msomaji akalazimika kumwamini. Sasa maneno yenyewe yanaweza kuwekwa mbele ya kila mtu, na anayejua Kiswahili kuliko mtafiti anaweza kusema: hapa umekosea.

Huo ndio mtandao unaofaa kuigwa. Teknolojia ni ile ile inayobeba uvumi. Tofauti ni kwamba msemaji ana jina, mahali na mwaka vimetajwa, maneno yako kamili, na mlango wa kusahihisha uko wazi. Ukiyatazama vizuri, hayo ni masharti yale yale ya Mbudye.

LIPI LIFANYIKE

Kwanza, vijana wa Malemba-Nkulu, Mulongo, Bukama na Kabongo wenye simu wana kazi ambayo hakuna chuo cha Ulaya kitawafanyia. Wamrekodi mzee, kwa idhini yake. Wataje jina lake kama ameridhia, kijiji chake, tarehe, na nani wengine walikuwapo. Wasiikate sauti kuchagua linalowapendeza. Kisha wamrudishie aisikilize, na wamtafute mzee wa pili asimulie habari ile ile. Masimulizi mawili yakipingana, yawekwe yote mawili, kwa kuwa hitilafu kati yake mara nyingi hufundisha kuliko makubaliano.

Pili, redio za jamii, ambazo katika wilaya zisizo na umeme wa uhakika zinawafikia wengi kuliko intaneti, zichukue habari zinazovuma kwenye simu na kuzisoma hewani mbele ya watu wanaoweza kujibu: muuguzi, mwalimu, chifu, kiongozi wa wavuvi, na mtu wa jamii inayosingiziwa. Nafasi ya jamii hiyo isiwe ya hisani. Ni haki yake.

Tatu, majumba ya makumbusho yaliyoweka picha za vitu vya Waluba mtandaoni, kuanzia Brooklyn mpaka Tervuren nchini Ubelgiji, yaweke pia nafasi ya Waluba kuzieleza, kwa Kiluba na kwa Kiswahili, na yaandike majina ya watakaoeleza. Picha bila msomaji wake ni nusu ya kitu.

Nne inatuhusu sote, tuliopo Lubumbashi, Kigoma, Mombasa au Muscat. Ukitumiwa habari ya mauaji, ya ugonjwa au ya kabila la mtu, muulize aliyekutumia maswali mawili kabla ya kuipeleka mbele: nani alikuambia, na naweza kumuuliza nani? Akikosa jibu, usiitume. Malemba-Nkulu imekwisha kulipa gharama ya wale ambao hawakuuliza.